Barua ya wazi kwa wanaoshika daftari na muhuri wa kijiji

Waheshimiwa wakurugenzi watendaji wa halmashauri za wilaya, maofisa tarafa, watendaji wa kata na wa vijiji, na ninyi wenyeviti wa vijiji mliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024,

Salaam.

Barua hii inahusu kitu kidogo: daftari la mihutasari ya mkutano mkuu wa kijiji. Tunajua mna mambo mazito zaidi mezani, kuanzia madarasa hadi migogoro ya mipaka. Lakini ukifuatilia jinsi madaraka yalivyopatikana na kutumika vijijini katika nchi hii kwa miaka 140 iliyopita, kila mara unafika kwenye karatasi. Nani aliiandika, nani alitia sahihi, nani hakusomewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliotutawala waliijua methali hiyo kwa upande wake wa pili: ukilishika daftari peke yako, mali ya wenzako huhamia kwako, nayo bila habari.

Tuanzie Msovero, Usagara, katika eneo ambalo leo ni Kilosa. Novemba 1884 Carl Peters, Mjerumani wa miaka 28, alifika pale akiwa na karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Mangungo wa Msovero akatia alama yake. Shuleni kisa hiki hufundishwa kama kisa cha chifu aliyedanganywa, na kweli alidanganywa, lakini tazameni mbinu yenyewe. Kwanza anatafutwa mtu mmoja. Kisha karatasi inampa mtu huyo uwezo ambao watu wake hawakuwahi kumpa, yaani kuitoa ardhi ya wote, tena milele. Halafu karatasi inapelekwa mbali, mahali ambapo hakuna anayeweza kusimama akasema "hatukukubaliana hivyo". Ilifika Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm I akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizotajwa humo. Hadi siku hiyo hakuna mwanakijiji wa Msovero aliyekuwa ameona tofauti yoyote shambani kwake. Ndivyo karatasi zilivyo: huanza kuuma baadaye, wakati aliyesaini keshasahau alisaini nini.

Bunduki zilikuwapo, na Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani, alinyongwa Pangani Desemba 1889 ili watu waone. Hata hivyo bunduki haikusanyi kodi kila mwaka. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, ilibidi nyumba zihesabiwe, na zikihesabiwa ilibidi awepo wa kuandika. Huyo alikuwa akida: mwajiriwa wa boma, mjuzi wa kusoma na kuandika, mara nyingi mtu wa pwani aliyepelekwa kwa watu wasiomjua. Chini yake alikuwa jumbe, mwenyeji, aliyejua nani ana nyumba mbili na nani amehamia ng'ambo ya mto. Jumbe alijua, akida aliandika. Bomani kilichoandikwa ndicho kilichokuwa kweli, na mbishi alikula hamsa ishirini, yaani viboko 25.

Mashamba ya pamba ya jumuiya yaliyoanzishwa mwaka 1902, wakati wa gavana von Götzen, yalikwenda kwa mtindo huohuo. Kwenye karatasi kila mtu mzima alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka. Malipo yalipofika yalikuwa senti 35 kwa mtu kwa kazi ya mwaka mzima, na wako waliokataa kuzipokea. Hakuna aliyewaonyesha hesabu: pamba kiasi gani ilivunwa, iliuzwa kwa bei gani, nani kachukua sehemu gani. Julai 1905, pale Nandete kwenye milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha makadirio hadi 250,000 na zaidi, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mazao kuchomwa. Sababu za vita vile ni nyingi na hatutaki kuzipunguza hadi kuwa suala la uhasibu. Ila ni kweli pia kwamba kilichong'olewa kwanza kilikuwa zao ambalo waliolilima hawakuwahi kusomewa mapato yake.

Waingereza walikuja na heshima zaidi kwa machifu, au tuseme na matumizi bora zaidi ya machifu. Chini ya gavana Donald Cameron, sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926 ilimpa chifu baraza, mahakama na hazina. Kwa watu wasiokuwa na chifu, alitafutwa mmoja mpaka akapatikana. Vitabu vya hazina viliandikwa vizuri kweli. Ukivisoma leo utaona safu za mapato na matumizi zimepigwa mstari kwa rula. Kasoro ilikuwa moja: mkaguzi wake alikuwa bwana DC, na walipa kodi hawakuwamo. Chifu akajifunza upesi kwamba anayepaswa kuridhika na hesabu yuko juu yake, hayuko chini. Somo hilo halijafutika.

Karatasi iliwahi pia kupanda kutoka chini. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Walichangishana, wakaandika malalamiko, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuyaeleza. Ardhi haikurudi wakati ule. Lakini tangu siku hiyo ilikuwa vigumu kwa serikali ya Tanganyika kuandika peke yake habari za Meru, kwa sababu nakala nyingine ilikuwa New York.

Baada ya uhuru uchifu uliondolewa kisheria mwaka 1963, na mwaka uliofuata mabalozi wa nyumba kumi wakaanza kuwekwa. Tungependa kusema daftari lilirudi kwa wananchi hapo. Kwa sehemu fulani lilirudi. Katika Ruvuma, vijiji vilivyoongozwa na Litowa vilijipangia kazi, vikajigawia mapato na kuendesha shule yao kupitia chama cha maendeleo cha Ruvuma, tena kabla ya Azimio la Arusha la Februari 1967 kuifanya shughuli hiyo kuwa sera ya taifa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Vijiji vilivyofanya hasa kile kilichohubiriwa vilionekana tishio, kwa kuwa daftari lao halikuwa mkononi mwa mtu wa mkoani. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikafutwa, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina zuri, ila aliyepata madaraka alikuwa ofisa wa mkoa. Kisha Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na hadi 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa.

Hapa kuna jambo ambalo viongozi wengi wa leo hawalijui, na lingewafaa. Uhamisho ule ulifanyika kwa malori na amri za mdomo, karatasi zikaachwa nyuma. Nani alipewa shamba la nani, kwa sheria ipi, kwa fidia gani, mara nyingi hapakuandikwa kitu. Miaka ya 1980 wenye mashamba ya zamani wakaanza kwenda mahakamani, hasa Arusha, na wakaanza kushinda. Serikali ikajibu kwa sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki zile za kimila kwa kurudi nyuma na kuzizuia mahakama zisisikilize kesi. Desemba 1994, katika shauri la Akonaay na mwanawe, Mahakama ya Rufani ikasema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na vifungu vikuu vya sheria ile vikaanguka. Zoezi la miaka mitatu lilizaa miaka 20 ya kesi. Anayedhani kukwepa muhtasari kunaharakisha kazi aisome hukumu hiyo.

Sasa tuje kwenu.

Kwa karatasi, hali ya leo ni bora kuliko wakati wowote tuliousimulia. Katiba, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, ile Na. 7, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, kuwa mamlaka ya juu kabisa ya kijiji katika mambo ya sera. Ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na ndio unaoweza kuwaondoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini wa ardhi tu. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na katika kila mkutano wa kawaida lazima itoe taarifa jinsi inavyoisimamia.

Kwa nini basi karatasi bado inauma?

Sababu ya kwanza ni ya muundo. Mwenyekiti anachaguliwa na kijiji. Mtendaji, ambaye ndiye katibu wa vikao na mwandishi wa mihutasari, ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Kijiji kinaweza kumwondoa mwenyekiti wake, lakini anayeandika alichosema mwenyekiti hakimgusi. Hatumfananishi mtendaji na akida kwa tabia. Wengi wao wanafanya kazi ngumu, bila ofisi yenye paa zuri, wakinunua karatasi kwa fedha zao. Tunasema kiti chao kimewekwa palepale. Mwenye kujua yuko kijijini, mwenye kuandika anaripoti kwingine, na wakitofautiana, wilayani kinachosomwa ni kilichoandikwa.

Sababu ya pili ni namna kiti cha mwenyekiti kinavyopatikana. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 uliingia kwenye kumbukumbu kwa wagombea wengi kuenguliwa kwa makosa ya kujaza fomu, vyama vikuu vya upinzani kujitoa, na vijiji vingi kupata viongozi waliopita bila kupingwa. Mjadala wa vyama tunawaachia wenyewe. Linalotuhusu ni matokeo yake kwenye kikao: mwenyekiti aliyepitishwa na fomu anajua deni lake liko kwa aliyeipokea fomu. Mkutano mkuu ukimwuliza swali, anaangalia meza kuu kwanza.

Sababu ya tatu ndiyo tunayotaka kukaa nayo, kwa kuwa inarekebishika kesho asubuhi bila bajeti. Ni jinsi muhtasari unavyotengenezwa.

Njia iliyozoeleka zaidi ya kuuharibu ni mahudhurio yanayohama. Watu wanaitwa kwenye mkutano wa vyandarua au wa ujenzi wa zahanati, wanasaini kwenye karatasi ya peke yake iliyoandikwa juu "MAHUDHURIO" bila tarehe wala ajenda. Wiki mbili baadaye karatasi ile inabanwa kwa pini nyuma ya muhtasari wa kugawa ardhi. Kila sahihi ni halali na kila jina ni la kweli, ila kikao hakikuwapo. Ofisa wa wilaya anayekagua anaona majina 214 na muhuri, anapitisha.

Njia ya pili ni ajenda ya mengineyo. Mkutano unaanza saa nne kwa taarifa za shule na maji, unavutana hadi saa nane, kina mama wenye watoto wanaondoka, wafugaji wanakimbilia kunywesha. Waliobaki wakiwa 30, mengineyo inafunguliwa: kuna mgeni ameleta barua ya maombi. Muhtasari utaandika waliohudhuria wakati wa kufungua, na uamuzi uliofanywa wakati wa kufunga, kana kwamba ni watu walewale.

Ya tatu ni vipimo. Kijijini watu huongea ekari. Maombi na ramani huandikwa kwa hekta. Hekta moja ni ekari 2.47. Wananchi wakisikia "mia tano" wakadhani ni ekari, na muhtasari ukaandika hekta 500, kijiji kimetoa ekari 1,235. Katika mahesabu hayo, yanayopita zaidi ya mara mbili ya kilichosikika, si lazima awepo mwizi; inatosha mtendaji aliyenakili namba kutoka kwenye barua ya mwombaji. Lakini ardhi haijali kama ni wizi au uzembe.

Ya nne ni muhtasari wa kuandikwa baadaye. Mtendaji anachukua dondoo kwenye kipande cha karatasi, anaahidi "kuusafisha" nyumbani. Unasafishwa kweli. Mwenyekiti anausaini siku tatu baadaye kwenye boneti ya gari la mgeni, mara nyingi siku ileile ya posho. Mangungo naye alikuwa na wageni wenye zawadi.

Dawa ya haya yote ni kaunta buku moja. Ya kwaya 3 ina kurasa 288 na inatosha kijiji cha kawaida kwa miaka kadhaa, mikutano minne ya kawaida kwa mwaka pamoja na ya dharura. Kabla ya kuandika neno lolote, kurasa zote zipewe namba kwa wino, 1 hadi 288, na ukurasa wa kwanza uandikwe idadi hiyo, tarehe daftari lilipofunguliwa, na sahihi za mwenyekiti, mtendaji na wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke. Ukurasa ukichanika baadaye, pengo litajisema lenyewe. Karatasi za kubanwa kwa pini zisipokelewe kabisa.

Mahudhurio yaandikwe ndani ya daftari hilohilo, kwenye ukurasa unaotangulia muhtasari, na juu yake kuwe na tarehe, mahali, saa ya kufungua na ajenda zote kwa namba. Anayesaini anasaini chini ya ajenda anazoziona. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na jina lake liandikwe na mtu wa kitongoji chake badala ya mtendaji. Jina la mwisho likishaandikwa, mstari upigwe chini yake, na nafasi tupu iliyobaki ikatwe kwa mstari wa mshazari. Hapo hakuna jina litakaloongezwa usiku.

Uamuzi wowote wa ardhi, fedha au sheria ndogo uhesabiwe upya wakati unapofanywa: waliokubali wangapi, waliokataa wangapi, wasiopiga upande wowote wangapi, na wanawake wangapi katika jumla hiyo. Maneno "wajumbe wote waliafiki" yapigwe marufuku. Sheria yenyewe ilipounda baraza la ardhi la kijiji la watu 7 ilitaka 3 wawe wanawake. Hatuoni ugumu wa kuwahesabu na kwenye mkutano mkuu. Suala la ardhi lisiingizwe kwenye mengineyo kamwe. Liwe ajenda ya mwanzo, na tangazo lake likae ubaoni siku saba kabla, kwenye kila kitongoji, likitaja mwombaji, mahali kwa jina ambalo wenyeji hulitumia, na ukubwa kwa hekta na kwa ekari, kwa tarakimu na kwa maneno. Kabla ya kupiga kura, watu watano wa vitongoji vinavyopakana wawe wamezunguka mpaka kwa miguu na kifaa cha GPS, na majiranukta ya kona, yaani namba za GPS zinazoonyesha kila kona ilipo, yaandikwe kwenye muhtasari. Mpaka unaotajwa kuwa "mbuyu mkubwa" una matatizo yake. Mbuyu huanguka, au hugundulika kuwa iko miwili.

Kisha jambo ambalo ndilo shabaha ya barua hii. Ajenda ya mwisho ya kila mkutano mkuu iwe kusoma maazimio. Mtendaji anaandika azimio moja moja daftarini palepale, kwa sentensi moja au mbili, na kabla ya kufunga anayasoma kwa sauti. Watu wanasahihisha. Mwenyekiti na mtendaji wanasaini mbele yao. Halafu wananchi watano, kutoka vitongoji vitano, wanapiga picha kurasa hizo kwa simu zao. Haichukui zaidi ya dakika 20. Maelezo marefu ya mjadala yanaweza kusafishwa baadaye. Azimio haliwezi tena, kwa sababu nakala tano zimeshatoka uwanjani kabla ya mgeni kuwasha gari.

Fedha nazo. Taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka isisomwe kwa jumla tu. Ianze na salio la mwanzo, ifuate mapato kwa chanzo, matumizi kwa kazi, salio la mwisho, na salio hilo ligawanywe: kiasi gani benki, kiasi gani taslimu na kwa nani. Kwenye vitabu vya stakabadhi vilivyobaki, isomwe namba ya kwanza na ya mwisho iliyotumika. Kitabu kikianzia 1501 hadi 1550 na ya mwisho kukatwa ni 1532, karatasi 18 lazima ziwemo tupu, na mtu yeyote mkutanoni aweze kuzihesabu. Palipo na mashine ya POS, ile ya kukatia stakabadhi za kielektroniki, ripoti iliyochapishwa na mashine ibandikwe ubaoni kando ya taarifa ya mtendaji. Namba mbili zikitofautiana, swali litajiuliza lenyewe.

Muhuri uwe na kidaftari chake: tarehe, hati iliyogongwa, idadi ya kurasa, namba ya azimio linaloruhusu. Hati isiyo na namba ya azimio haigongwi, hata akiomba nani.

Waheshimiwa wakurugenzi, sehemu yenu ni kukataa. Muhtasari ukiletwa na karatasi ya mahudhurio iliyobanwa kwa pini, rudisheni. Usipotaja kura kwa tarakimu, rudisheni. Ukitaja ardhi bila hekta na ekari, rudisheni. Mkikataa mara tatu, vijiji vyote vya wilaya vitakuwa vimesikia, kwani habari ya karatasi iliyorudishwa husafiri haraka kuliko waraka. Mtendaji akihamishwa, asipewe barua ya uhamisho kabla ya makabidhiano ya daftari, muhuri, stakabadhi, ramani na cheti cha ardhi ya kijiji, mbele ya halmashauri ya kijiji. Nyaraka nyingi za vijiji hupotelea kwenye begi la mtendaji anayehama. Nazo sheria ndogo zinazoletwa kwenu kwa idhini zisilale kwenye droo. Kijiji kimejadili, kimekubaliana faini ya mifugo na ya kukata mkaa, kisha kinasubiri mwaka mzima. Katika mwaka huo mgambo anatoza faini isiyo na sheria, na fedha yake haina stakabadhi. Vijiji vya Duru-Haitemba, Babati, vilipokabidhiwa misitu yao miaka ya 1990, sheria ndogo zilizopata idhini ndizo zilizowapa walinzi nguvu ya kumkamata mtu na ya kujitetea baadaye.

Kuna suala moja ambalo mnapaswa kulitaja kwa sauti kila mara mwekezaji anapopelekwa kijijini, na mara nyingi halitajwi. Ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ardhi ya jumla ili mwekezaji apate hati, imetoka kijijini. Mwekezaji akifilisika, hairudi yenyewe. Wimbi la wawekezaji wa mibono, mimea ya kukamuliwa mafuta ya mitambo, lililopita Kisarawe na Kilwa miaka ya 2000 lilipokauka, vijiji viligundua hilo kwa kuchelewa. Hadi hekta 250, ambazo ni karibu ekari 618, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa uhamisho. Zaidi ya hapo uamuzi ni wa waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano mkuu. Na hakuna uhamisho kabla ya kukubaliana fidia: aina yake, kiasi chake, namna na wakati wa kulipwa. Wananchi waambiwe haya kwa Kiswahili cha kawaida, tena na ofisa wa ardhi mwenyewe, kabla ya mgeni kupewa kipaza sauti. Ofisa akija kwa gari la mgeni, hilo nalo liandikwe kwenye muhtasari.

Tunajua pingamizi. Mtasema mikutano haitimii, watu hawaji. Ni kweli, na haishangazi: mtu aliyehudhuria mara tatu bila kusikia mapato na matumizi huona bora akapalilie. Mtasema kupiga picha daftari la serikali ni kuvujisha siri. Mkutano mkuu unafanyika chini ya mwembe mbele ya watu wote. Siri ya aina gani hiyo? Mtasema mwisho kwamba kijiji chenye daftari la namna hii kitakuwa kigumu kuagizwa. Hapo tunakubaliana nanyi kabisa.

Robo za mwaka zinafungwa tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Tunaomba kila mkurugenzi, baada ya robo ijayo kufungwa, achague vijiji vitatu bila kutoa taarifa, aende uwanjani siku ya mkutano mkuu, akae kwenye benchi pamoja na watu, na asubiri ajenda ya mwisho isomwe. Akiona mtendaji anafunga daftari kabla hajasoma, anyooshe mkono kama mkazi mwingine yeyote aombe kusomewa.

Wenu katika ujenzi wa taifa.